Uzito Juu ya Magurudumu

"Bado, shemeji. Usikaze. Gari lishuke kwanza."

Kifua hakugeuka. Alikuwa amelala chali uvunguni, miguu yake mirefu imetokeza nje, spana mkononi. Akavuta mara ya kwanza, nati ikalia. Akavuta mara ya pili, na safari hii akaguna kwa makusudi, ili Mkandarasi, mwenye gari, aliyesimama pembeni asikie kwamba pale chini yupo mwanamume.

"Kifua! Magurudumu yananing'inia hayo. Ukikaza hivyo utaua bushi zote."

"Shemeji, nipe kitambaa," akajibu Kifua.

Hapo ndipo hasira ilipoanza, na nakuambia mapema kabisa, haikuisha upesi. Mama Spana, hilo ndilo jina walilompa pale gereji, na walimpa kwa kejeli, alikuwa amekaa siku nne chini ya gari lile. Gari la zamani, lile la kuvuta miguu yote minne, limechakazwa na barabara ya machimbo ya kokoto mpaka mbele limeinama kama mtu anayetafuta sindano. Yeye ndiye aliyezitoa springi za mbele, akatenganisha mabamba yake, akayagonga mpaka yakarudi kwenye upinde wake, akaongeza bamba moja kila upande. Yeye ndiye aliyeisogeza mipira ya breki isije ikavutika gari likiinuka. Gari liinuke inchi mbili na nusu, kama mwenye gari alivyotaka. Kilichobaki kilikuwa kazi ya nusu saa: kulishusha gari chini, kulitikisa likae, halafu ndipo kukaza bolti sita zinazopita kwenye bushi.

Bushi ni mpira, jamani. Ukiikaza magurudumu yakiwa hewani, unaishika ikiwa imelala upande mmoja. Gari likishuka na uzito wake, mpira unasokotwa. Utavumilia siku kadhaa, kisha utachanika kama soli ya kiatu cha mtumba. Mama Spana aliyajua hayo kwa sababu mumewe ndiye aliyemfundisha.

Na mumewe alikuwepo! Alikaa kwenye kigoda chake mlangoni mwa kibanda, mkono wa kulia ameuweka mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Mkono huo ulibanwa na springi miaka mitatu nyuma, na tangu hapo hakuna spana iliyokaa ndani yake. Basi wakapanga hivi: mume anapokea wateja, mke anafanya kazi wateja wakishaondoka. Na kwa kuwa wateja wengine hawaondoki, mdogo wa mume, huyo Kifua, akaachishwa kubeba mbao akaletwa gereji, ili mteja akiwepo, miguu inayoonekana uvunguni iwe ya mwanamume.

"Baba watoto," akamwambia mumewe kwa sauti ya chini, "mwambie aache. Wewe unajua."

Mumewe akatazama saa ya Mkandarasi, si uso wa mkewe. "Mwache amalize. Mkubwa ana haraka."

Kifua akakaza zote sita. Jeki ikalegezwa, gari likashuka, na loo, lilivyosimama! Mbele juu, kifua wazi, kwa sababu zile bushi zilizobanwa zilikuwa zinalishikilia kwa nguvu, kama mtu aliyevuta tumbo ndani apigwe picha. Mkandarasi akalizunguka mara mbili huku akicheka peke yake.

"Hii ndiyo kazi! Wengine wananizungusha wiki mbili. Kijana, shika hiyo, ya soda." Noti zikaingia mfukoni mwa Kifua. "Nina mengine matano ya namna hii. Likienda vizuri, yote yanakuja hapa."

Kisha akamwona Mama Spana.

"Mama, hebu futa hapo mlangoni. Kuna alama ya grisi."

Alama ilikuwa ya vidole vyake mwenyewe Mama Spana. Akafuta. Dereva wa Mkandarasi, aliyekuwa amesimama muda wote ameshika mkoba wa bosi wake, akamfungulia bosi mlango, nao wakaondoka.

*

Nyumbani alisugua mikono kwa sabuni ya unga mpaka ngozi ikamuwasha. Chumba chao kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Watoto upande ule, wao upande huu, na ukitaka kugombana inabidi ugombane kwa kunong'ona.

"Mpigie simu," alimwambia mumewe. "Alirudishe. Nusu saa tu. Nalegeza, nakaza upya, halafu tunalala usingizi."

"Nimwambie nini? Kwamba fundi niliyemwonyesha hajui kazi?"

"Mwambie hivyo hivyo."

"Mama watoto, wewe husikii? Mwenyekiti wa gereji ameshasema: kibanda kisicho na kazi ya uhakika mwisho wa mwezi anapewa mwingine. Magari matano yale ndiyo kibanda chetu. Ndiyo ada za hawa." Akaelekeza kidevu kwenye pazia. "Leo nianze kumwambia mteja tumekosea?"

"Hatujakosea. Amekosea mdogo wako."

"Ni kitu kimoja."

"Si kitu kimoja! Mimi nimelala chini ya lile gari siku nne, mgongo wangu ndio unaojua."

Mumewe akanyamaza. Alikuwa hodari wa kunyamaza. Wakati mwingine Mama Spana alitamani angekuwa mtu wa matusi, angalau matusi unaweza kuyajibu.

Akachukua simu mwenyewe, akatoka nje penye kamba za nguo, akapiga.

"Nani?"

"Shikamoo, mkubwa. Ni kuhusu gari lako. Zile bolti za mbele inabidi zilegezwe kidogo, zikazwe tena gari likiwa..."

"Wewe ni nani?"

"Mke wa fundi."

"Mama, mwambie mumeo anipigie. Mambo ya gari sizungumzi na wanawake wa watu." Simu ikakatwa.

Alisimama pale na simu sikioni muda mrefu baada ya sauti kuisha. Jirani aliyekuwa anaanua nguo akamuuliza kuna msiba. Akasema hapana, hakuna msiba, ni upumbavu tu.

*

Siku ya kumi na moja gari lilirudi. Lilisikika kabla halijaonekana: kila shimo linalia, kwii, kwii. Lilipoingia langoni lilikuwa limelalia kushoto, na dereva anashikilia usukani kwa mikono miwili kama anayemvuta ng'ombe mkaidi. Mkandarasi akashuka kabla halijasimama vizuri.

"Fundi yuko wapi? Fundi!"

Mumewe akainuka kwenye kigoda. "Karibu, mkubwa."

"Karibu ya nini? Jana nimepakia watu wa benki, watu wenye suti, gari linapiga kelele, linakwenda upande. Wamecheka! Unajua nilivyojisikia? Nataka hela yangu, na nataka Mwenyekiti."

Mwenyekiti wa gereji alikuwa ameshatoka ofisini na rundo lake la funguo. Mafundi wa vibanda vingine nao wakasogea, wanafuta mikono isiyokuwa na uchafu. Vurugu ya mwenzio haina kiingilio.

"Nani aliyelifunga hili gari?" Mwenyekiti akauliza.

Kifua akamtazama kaka yake. Akamtazama Mkandarasi. Kisha akakohoa.

"Mwenyekiti, ukweli usemwe tu. Kazi ile hakuifanya kaka. Kaka mkono hana. Aliyetoa springi na aliyezirudisha ni shemeji. Mimi nilikuwa nampa vifaa."

Basi gereji nzima ghafla ikapata kumbukumbu! Fundi rangi akasema kweli, amemwona. Fundi umeme akasema amemwona kwa macho yake, siku nne mfululizo. Watu waliokuwa vipofu miaka mitatu leo wote wamefumbuka. Sifa zilipokuja, kazi ilikuwa ya wanaume. Lawama ilipofika, ikapata mwenyewe, na mwenyewe anavaa sketi.

"Mwanamke?" Mkandarasi akageuka kwa mumewe. "Umempa mwanamke gari langu?"

Kila mtu akamngoja yule mume. Mama Spana naye alimngoja. Ya Kifua angeyameza; kikulacho ki nguoni mwako, na Kifua alikuwa nguoni mwao tangu siku alipofika. Lakini mumewe alikuwepo siku ile. Alikaa pale pale kwenye kigoda na masikio yake mawili.

"Alikuwa ananisaidia, mkubwa," mumewe akasema akitazama chini. "Lakini ndiyo. Yeye ndiye aliyefunga."

Mama Spana akakunja mikono ya blauzi yake. Hakulia. Watu walikuwa wamejiandaa kumwona analia, na hilo likamkasirisha zaidi.

"Sawa," akasema. "Nimefunga mimi. Basi nafungua mimi. Asiondoke mtu hapa."

Akavuta jeki. Akaliinua gari, akaliweka juu ya stendi, akaingia uvunguni mbele ya kadamnasi, sketi ameibana magotini. Hakuna aliyempa kitambaa. Bolti zikatoka moja moja. Bushi sita akazipanga juu ya boneti.

"Haya, tazameni. Mpira mbovu huchanika popote. Hizi zote zimechanika kuelekea upande mmoja. Zimesokotwa. Zimekazwa magurudumu yakiwa hewani. Kuna fundi hapa asiyejua hilo?"

Fundi gia, mzee kuliko wote, akaokota moja, akaigeuza mwangani, akanong'ona kitu.

"Sema kwa sauti, mzee wangu! Miaka mitatu mnanong'ona!"

"Zimekazwa gari likiwa juu," akasema mzee.

"Asante. Na aliyekaza gari likiwa juu ni nani? Mkubwa, ulisimama hapo ulipo. Nilimwambia asikaze, ukasikia. Ukampa na ya soda."

Mkandarasi akarekebisha mkanda wa suruali. "Mimi siangalii uvunguni. Si kazi yangu kujua nani anakaza nini."

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame, mkubwa. Basi tumuulize dereva wako. Kaka, ulikuwepo. Sema ulichoona."

Dereva akamtazama bosi wake. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na kola iliyochakaa.

"Sikuona vizuri, mama."

Hapo Mama Spana akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha hata chembe. Akaenda duka la vipuri pale pale ndani, akatoa hela ya matumizi ya wiki iliyofungwa kwenye upindo wa kitambaa, akanunua bushi sita. Akazitia. Akalishusha gari. Akalisukuma bampa juu chini, juu chini, mpaka springi zikajikalia zenyewe. Ndipo akajilaza chini, gari limemkalia karibu puani, akakaza bolti sita. Saa moja na nusu. Watu hawakuondoka.

Dereva akalipeleka mpaka barabarani na kurudi. Lilikwenda limenyooka, kimya, kama limepewa onyo.

Mkandarasi aliona. Hata kipofu angeona. Akatoa pochi, akahesabu bei ya bushi na kidogo juu yake, akanyoosha mkono. Mkono ukapita begani pa Mama Spana, ukamfikia mumewe.

"Shika, fundi."

Na mumewe akapokea. Kwa mkono wa kulia. Vidole vile vilivyoshindwa kushika spana vikajikunja taratibu, vikazishika noti.

"Kumbe vinakunjika," akasema Mama Spana.

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha akajuta.

"Mkeo ana mdomo," Mkandarasi akamwambia mumewe. "Lakini kazi imekaa, siwezi kukataa. Sasa sikiliza. Magari yangu matano naleta kesho asubuhi. Sharti moja tu. Huyu aniombe radhi hapa hapa, mbele ya watu alionifokea mbele yao. Na uvunguni aingie mwanamume."

"Fundi," Mwenyekiti akaongeza huku akizichezea funguo zake, "tulivyoongea kuhusu kibanda unakumbuka."

Mama Spana akamgeukia mumewe. Hakuna kingine alichotaka duniani dakika ile ila mtu huyo mmoja aseme hapana. Hata kwa sauti ndogo. Hata kwa kutikisa kichwa.

"Mama watoto," mumewe akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole, jambo lililofanya iwe mbaya zaidi. "Muombe tu. Neno moja. Ili watoto wale."

"Radhi ya nini? Nimeiba? Nimemharibia nini? Aliyeharibu yupo, amekunywa soda! Aliyetengeneza yupo, ndiye anayeambiwa aombe radhi! Hapana, baba watoto. Watoto watakula, lakini si kwa neno hilo."

Akainama, akaanza kuokota spana zake. Zilikuwa zake kweli. Alizinunua kwa kuuza cherehani aliyoachiwa na mama yake. Akazipanga ndani ya toroli, akaweka jeki juu yake, akaweka stendi. Kifua akaishika spana moja kubwa kama mtu aliyeisahau mkononi. Akamnyang'anya.

"Kibanda bakini nacho," akawaambia. "Hizi zangu."

*

Siku ya kwanza alikaa nje ya ukuta wa gereji, kando ya barabara, na kipande cha boksi cha kulalia, hakuja mtu. Siku ya pili alikaza gurudumu la mkokoteni, akalipwa sabuni. Nyumbani alipika, akampakulia mumewe, akamwekea sahani mbele yake. Mumewe akasema chakula kizuri. Mkewe akaenda kuosha sufuria.

Huko ndani makelele ya nyundo hayakukoma. Mkandarasi alikuwa ameleta magari yake matano bila radhi ya mtu, maana Kifua aliapa mbele ya Mwenyekiti kwamba shemeji hatakanyaga tena pale. Siku ya tano lango likafunguliwa, yakatoka yote kwa msururu, mbele yameinuka, kifua wazi. Mafundi wakapiga makofi. Kwenye la kwanza alikaa Mkandarasi mwenyewe, kioo ameshusha, anaangalia mbele.

Mama Spana hakuhitaji kuinama. Alivyoona tu yalivyosimama, alijua. Akasema neno ambalo mwanamke mwenye watoto hatakiwi kulisema barabarani.

Gari la tano likapunguza mwendo, likasimama mbele yake. Ndani alikuwemo yule dereva.

"Mama, shikamoo."

Hakuitikia. "Wamekaza wapi? Juu au chini?"

"Juu, mama. Magurudumu yakiwa hewani. Nimeona vizuri kabisa."

"Leo umeona vizuri."

Dereva akafuta usukani kwa kiganja, ingawa ulikuwa safi. "Kule machimboni barabara upande mmoja ni mlima, upande mwingine ni korongo. Mimi nina watoto watatu."

"Na siku ile ulikuwa na watoto wangapi?"

Mbele, vumbi la magari manne lilikuwa linatua.

"Nitengenezee, mama. Hela ninayo, yangu mwenyewe. Ila mkubwa asijue."

"Atajua. Nitamwambia mimi, kwa sauti, na wenzako wanne nitawaambia, na huyo bosi wako nitamwambia kwamba anakalia kifo chake na ameshakilipia. Siri nimefanya miaka mitatu, imenitosha. Unataka hivyo, zima gari. Hutaki, hiyo hapo barabara, endesha."

Dereva akaitazama barabara. Akautazama ukuta wa gereji, ambako vichwa viwili vitatu vilikuwa vimeanza kuchungulia, kimojawapo cha mtu aliyekuwa amekaa kwenye kigoda. Mkono wake ukabaki kwenye ufunguo muda. Kisha injini ikanyamaza.

Mama Spana akatandika boksi lake, akajisukuma uvunguni. Akalegeza bolti zote sita mpaka gari likashusha pumzi na kuinama kidogo, kama inavyotakiwa. Akasikia mlango unafunguliwa, akaona viatu vya dereva vinakanyaga chini.

"Unakwenda wapi?"

"Nasimama tu hapa, nisikusumbue."

"Rudi ndani. Kaa kwenye kiti chako, sawasawa kama unavyokaa ukiendesha, na usitikisike. Siwezi kukaza kama hupo. Nataka uzito wako uwe juu ya magurudumu."

Viatu vikasita, vikapanda. Mlango ukafungwa, springi zikalala kidogo upande wa kulia, naye akaiweka spana kwenye nati ya kwanza.